Feni Zinazunguka, Kioo Cheusi: Kusaka Kosa Kwenye Kompyuta Uliyoiunga Mwenyewe

Msimu wa korosho ukifika, minada ikaanza Oktoba na hela zikaanza kushuka, simu yangu nayo huanza. Anayepiga leo kanunua mashine ya steshenari, wa kesho anataka kuhariri video za harusi, wa keshokutwa ni kijana wa chuo aliyedunduliza mwaka mzima. Maneno ni yaleyale: "Fundi, nimeiunga mwenyewe, feni zinazunguka, taa zinawaka, ila kioo cheusi tii."

Shusha pumzi kwanza. Mashine ya namna hiyo mara nyingi ni nzima. Nyingi zilizopita mezani kwangu hapa Mtwara zilikuwa na waya uliochomekwa pasipo pake, au kijiti cha RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ambacho hakijakaa. Shida yetu sisi wa huku ni umbali. Aliyeko Kariakoo akiishuku RAM, anavuka barabara anabadilishiwa. Kwetu kifaa kinapanda basi, kilomita 560 hivi kwenda, na mbadala wake unakuja vivyo hivyo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Kilwa, pawa saplai ya mteja wangu mmoja ililala Dar mpaka tukakaribia kuisahau. Ndiyo maana huku hatubahatishi. Tunasaka mpaka tukione chenye kosa, ndipo tunapiga simu dukani.

Kabla ya kufungua chochote, itazame inafanyaje

Kuna mashine isiyowaka kabisa, kuna inayowaka sekunde moja na kuzima, na kuna inayowaka ikabaki inaunguruma bila picha. Hayo ni magonjwa matatu.

Isiyowaka kabisa, angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai (alama ya mstari ndiyo "washa", duara ni "zima"), kisha tazama kama vile viwaya vyembamba vya kitufe cha mbele ya kesi (lile boksi la chuma la nje) viko kwenye pini zake. Kitabu cha mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, kina mchoro. Ukitaka kujua kama kosa ni kitufe, chomoa viwaya hivyo na uguse zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, nusu sekunde tu. Ikiwaka, kitufe au waya wake ndio mbovu.

Hapohapo kwenye pawa saplai kuna jambo la kutazama kabla hujachomeka ukutani. Baadhi, hasa za bei rahisi na za mtumba, zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka ikiwa kwenye 115, utasikia mlipuko na kunusa moshi, na hakuna hatua ya kufuata baada ya hapo.

Inayowaka na kuzima papo hapo, mara nyingi kuna shoti au prosesa (ubongo wa mashine) haipati umeme wake. Ruka mpaka kwenye sehemu ya waya, kisha ile ya kuitoa kwenye kesi.

Iliyobaki, yenye kunguruma bila picha, ndiyo nitakayokaa nayo.

Anza nje, kwenye monita

Utaniona nakudharau, lakini nimewahi kutoka Shangani kwenda Chikongola na begi zima la vifaa kwa ajili ya kebo. Kijana alikuwa na kadi nzuri ya picha (inayotengeneza picha ya kwenye kioo), ameifunga vizuri, halafu HDMI akaichomeka kwenye tundu la juu, lile la mazabodi. Prosesa yake ilikuwa Intel i5-12400F. Ile herufi F mwishoni maana yake prosesa haina uwezo wake yenyewe wa kutoa picha. Tundu lipo, linapendeza, lakini nyuma yake hakuna kitu. Nikachomoa, nikashusha kwenye matundu yaliyolala ya kadi ya picha, picha ikatoka. Nilikunywa soda nikarudi.

Kwa hiyo geuza kesi utazame mgongo wake. Matundu ya mazabodi yamesimama juu, jirani na ya USB. Ya kadi ya picha yako chini zaidi, yamelala. Ukiwa na kadi ya picha, kebo inakwenda chini.

Kama huna kadi ya picha kabisa, soma jina la prosesa kwenye boksi. Intel yenye F haitoi picha bila kadi. Upande wa AMD, Ryzen 5 3600 na 5600 hazitoi. Zenye G kama 5600G zinatoa. Ryzen za mfululizo wa 7000 nyingi zina uwezo mdogo wa picha ndani yake, ila 7500F haina. Wauzaji wengine humwambia mtu "F ni ileile, bei nafuu tu", na akifika Masasi nayo ndipo anagundua nafuu ilitoka wapi.

Sasa monita yenyewe. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha picha na uchague tundu ulilotumia, maana nyingine zinabaki kwenye VGA hata ukichomeka HDMI. Jaribu kebo nyingine. Jaribu televisheni ya sebuleni, haina tofauti kwa kazi hii.

Kama monita ni ya kizamani yenye VGA tu, adapta unayotumia iwe ile yenye kifaa cha kielektroniki ndani, inayogeuza HDMI kuwa VGA. Vile viunganishi vya DVI kwenda VGA visivyo na kitu ndani havifanyi kazi kwenye kadi za sasa, kwa sababu kadi hizo hazitoi tena mawimbi ya analogi kupitia tundu hilo.

Jaribio moja la bure: chomeka kibodi, subiri dakika moja au mbili, kisha bonyeza Num Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mara nyingi mashine imeshaamka na iko kazini. Kosa basi liko upande wa picha: kebo, tundu, monita au kadi. Usiiguse RAM bado.

Subiri. Kweli, subiri

Hapa nina aibu yangu mwenyewe. Mashine yangu ya kwanza ya DDR5 (RAM ya kizazi cha tano) niliiwasha jioni nikasubiri dakika mbili, kimya. Nikazima. Nikatoa RAM, nikarudisha, nikawasha, dakika mbili, nikazima. Nilifanya hivyo mpaka adhana ya Isha. Nilipochoka nikaiacha inawaka, nikaenda kula. Niliporudi ilikuwa imesimama kwenye ukurasa wa BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine, inanisubiri.

Mashine za DDR5 zikiwashwa mara ya kwanza hupima RAM, zinatafuta mwendo na muda unaoifaa kila kijiti. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na RAM ikiwa nyingi huchukua zaidi. Wakati wote huo kioo ni cheusi. Ukizima katikati, inaanza upya, na wewe unaona imekufa. Mimi sasa naipa dakika 15 kwa saa ya mkononi. Na kila utakapofuta kumbukumbu za BIOS au kubadilisha RAM, hesabu upya.

Hili linataka umeme usiocheza. Siku ambayo umeme unakwenda na kurudi, usianze kazi hii bila UPS (betri ya akiba), maana hutajua kama kilichoikatiza ni kosa lako au ni nguzo huko barabarani.

Waya za umeme

Zima, chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kesi.

Ule waya mpana wa pini 24 usukume mpaka kiklipu chake kibane. Kisha tafuta waya wa prosesa, pini nane, kwenye kona ya juu kushoto ya mazabodi. Huu ndio husahaulika kuliko wote, kwa sababu uko mbali na umejificha nyuma ya feni. Usipochomekwa, feni zote zinazunguka na taa zinapendeza, lakini prosesa haina umeme.

Usiuchanganye na ule wa kadi ya picha, nao una pini nane. Wa prosesa hugawanyika nne na nne, wa kadi hugawanyika sita na mbili, na pawa saplai nyingi huuandika kwenye kichwa chake. Maumbo ya pini yametofautishwa makusudi. Ukiona unatumia nguvu, uko pasipo pako.

Kadi ya picha yenye matundu ya umeme iyapate yote. Yenye matundu mawili haitosheki na moja.

Halafu onyo kwa wanaonunua pawa saplai za mtumba zenye waya za kuchomoa. Waya za kampuni moja zisiende kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine, hata zikiingia vizuri. Upande wa mazabodi umefanana duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka. Waya ngeni unaweza kupeleka volti 12 mahali panapotaka 5, ukaunguza diski na mazabodi kwa mkupuo mmoja.

Isikilize na uitazame mazabodi yenyewe

Mazabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vidogo pembeni, vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ukiwasha, vinapokezana. Kinachoganda ndicho kinachokuonyesha mashine imekwama wapi. DRAM ni RAM. VGA ni kadi ya picha. CPU inaweza kuwa prosesa, waya wake wa umeme, au BIOS isiyoifahamu. Kikiganda cha BOOT, mashine imeshapita habari ya picha na inatafuta diski. Rudi kwenye kebo na monita.

Usiyekuwa na vitaa hivyo, tafuta kispika kidogo chenye waya mbili, kinachomekwa kwenye pini za spika. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni salama. Milio mingine ina maana tofauti kwa kila mtengenezaji, fungua kitabu. Ukimya mtupu pia ni jibu: hata hatua ya kupiga mlio haijafikiwa.

RAM

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu kama ningelazimishwa kubeti.

Kijiti cha RAM kina mwanya mmoja chini, hauko katikati. Uoanishe na kijinundu cha kwenye sloti. Weka kidole gumba kila upande, sukuma upande mmoja mpaka usikie "tak", kisha wa pili, "tak". Mtu wa mara ya kwanza husukuma mpaka aone bodi inapinda kidogo, anaogopa, anaacha. Hapo kijiti kimeingia lakini hakijakaa. Kwa macho kinaonekana sawa kabisa. Inama utazame kwa ubavu, utaona dhahabu ya meno yake ikichungulia upande mmoja. Na kwenye mazabodi zenye klipu upande mmoja tu, ule usio na klipu ndio unaodanganya watu.

Ukiwa na sloti nne na vijiti viwili, tumia ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwenye mazabodi nyingi huitwa A2 na B2.

Kikigoma, toa vyote ubakize kimoja kwenye A2. Washa, subiri. Badilisha kijiti, washa, subiri. Kisha badilisha sloti. Andika kwenye karatasi: kijiti cha kwanza A2, hakuna; kijiti cha pili A2, picha. Bila karatasi, mzunguko wa nne utakuwa umesahau wa kwanza. Kijiti kinachogoma kwenye sloti zote wakati mwenzake anakubali, hicho ndicho cha kurudisha. Vikigoma vyote viwili, usikimbilie kusema vyote ni vibovu, ni nadra. Tazama prosesa na soketi yake, yaani kiti inapokaa.

Kwa RAM ya mtumba, na kwa sisi tunaokaa Shangani au Mikindani tunaovuta hewa ya chumvi mchana kutwa, meno yake huota weusi. Sugua taratibu kwa raba nyeupe ya mwanafunzi, pangusa mabaki kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, acha ikauke. Mimi umeme tuli haunitishi sana huku, hewa yetu ina unyevu. Gusa tu chuma cha kesi kabla ya kushika kifaa. Kinachonitisha zaidi ni jasho. Februari saa nane mchana, tone moja la jasho kwenye soketi ya prosesa linatosha kukuharibia wiki. Funga kitambaa kichwani.

Futa kumbukumbu za BIOS

Chomoa ukutani. Toa ile betri bapa ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi, ngoja dakika tano, rudisha. Au gusanisha pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au CLRTC kwa bisibisi kwa sekunde kadhaa. Hii inasaidia hasa kama mashine iliwahi kutoa picha, ukaongeza mwendo wa RAM kwenye BIOS, ikagoma.

Je, mazabodi inaijua prosesa?

Prosesa inaweza kuingia kwenye soketi bila wasiwasi na bado mazabodi isiitambue, kwa kuwa ilitengenezwa kabla yake. Ryzen za mfululizo wa 5000 kwenye B450 iliyokaa stoo muda mrefu, Intel ya kizazi cha 13 au 14 kwenye B660: zinahitaji BIOS mpya. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina kamili la mazabodi, usome orodha ya prosesa na toleo la BIOS linaloanzia.

Kama nyuma ya mazabodi kuna kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi, umepona. Fomati flashi iwe FAT32, weka faili ukilipatia jina ambalo kitabu kinataka, chomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, bonyeza kitufe mpaka taa ianze kumetameta. Haihitaji prosesa wala RAM. Inataka umeme tu, na usikatike: BIOS iliyokatwa katikati yaweza kuiua mazabodi. Bila UPS, mimi hufanya kazi hii saa kumi na moja alfajiri, mji ukiwa bado umelala. Kama kitufe hicho hakuna, tafuta wa kukuazima prosesa ya zamani ya soketi hiyohiyo.

Kadi ya picha

Itoe kabisa kama prosesa yako ina uwezo wa picha, kisha utumie tundu la mazabodi. Picha ikitoka, kosa ni kadi, sloti yake au umeme wake. Irudishe ukiisukuma mpaka klipu ya mwisho wa sloti ibane. Skrubu ya nyuma ikikazwa vibaya huinua kadi upande wa pili.

Kuna mtego wa wanaohamisha kadi ya zamani kwenda kwenye mazabodi mpya. Kadi kongwe hazina programu ya kuamka kwa UEFI (mfumo wa sasa wa kuamsha mashine), na mazabodi mpya nyingi zimezimwa ule mfumo wa zamani uitwao CSM. Kadi ni nzima, mazabodi ni nzima, lakini hazisikilizani. Kwenye mashine hiyo jaribu kadi mpya zaidi kabla ya kumlaumu mtu.

Itoe kwenye kesi

Bado giza? Toa kila kitu. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kijivu uliokuja nao, sehemu yake ya nje inaweza kupitisha umeme. Acha prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha RAM, pawa saplai, na kadi ya picha kama prosesa ni ya F. Hakuna diski, hakuna USB, hakuna taa za rangi. Washa kwa bisibisi.

Ikitoa picha hapo, kesi ndiyo iliyokuwa inaleta shoti. Tazama vile vinguzo vya shaba vinavyoinua mazabodi: mteja mmoja wa Lindi alikuwa na kimoja cha ziada katikati, mahali ambapo mazabodi yake ndogo haikuwa na tundu. Kilikuwa kinagusa solda kwa nyuma. Alikuwa ameshaagiza mazabodi nyingine.

Isipotoa, fungua feni ya prosesa. Kwenye Intel, na kwenye AMD za AM5, pini ziko kwenye soketi. Washa tochi ya simu, imulike kwa pembe, si kutokea juu. Pini zote zinametameta kwa mwelekeo mmoja kama shamba la mpunga upepo ukilala. Iliyopinda itametameta peke yake. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na waweza kuinyoosha moja kwa wembe na subira. Za kwenye soketi sikushauri uziguse kama mkono wako unatetemeka hata kidogo. Hapo mlete anayejua, au rudisha.

Ukirudisha kifaa Dar

Piga picha kabla hujafunga: soketi, namba ya kifaa, vitaa vilipoganda. Tuma ile karatasi yako ya majaribio. Muuzaji akiona umejaribu kila kijiti kwenye kila sloti, mazungumzo yanakuwa mafupi. Funga kwenye boksi la asili, uandike "kifaa cha kielektroniki" na uombe kiwekwe mbele na dereva, kisirundikwe chini ya magunia.

Na mazabodi ya soketi yenye pini irudi na kile kifuniko chake cha plastiki, maana duka laweza kukataa waranti kwa kukikosa. Wateja wangu wote huwa wameshakitupa. Ndiyo sababu mimi nina kopo la Blue Band limejaa vifuniko, na kila msimu wa korosho linapungua nusu.